KIONGOZI MPOLE ANALINDA WATU WAKE

Masomo: Waamuzi 8:1-17, Waamuzi 12:1-6, 2 Samweli 15:1-6, Nehemia 5:1-18, 1 Samweli 12:1-5



Juma hili tunafundishana juu ya jambo ambalo wengi kanisani wanasema ni la siasa, si la Biblia: tabia ya mtu anayetawala wengine. Katika mahubiri ya redio tuligusa kidogo tu, na wengine wakatuomba tulieleze kwa urefu. Ndiyo sababu ya karatasi hii.

Tumesikia mara nyingi, sokoni, kisimani, hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada, watu wakisema: "Hapa kwetu tunahitaji mtu mkali. Mpole ataliwa." Tunaelewa neno hilo linatoka wapi. Mama aliyekimbia kutoka Nyabiondo mpaka Masisi-centre, kutoka Masisi-centre mpaka Sake, kutoka Sake mpaka Goma, halafu akarudi na kukuta nyumba haina mabati, hatumlaumu akitamani mtu mkali wa kumlinda. Mwanzoni mwa 2025 vita ilifika Masisi-centre, na mwezi wa tatu wa mwaka huo ikafika Walikale-centre. Watu wamechoka. Mtu aliyechoka anatafuta mkono wa nguvu.

Lakini tunataka tuulize swali moja tu: ni kiongozi wa namna gani aliyewaacha watu wake hai? Tusome Biblia, halafu tutazame mambo yaliyotokea kwetu na kwa majirani.

1. Lawama moja, majibu mawili

Tulipokuwa katika chuo cha Biblia, mwalimu mmoja alituambia tusome Waamuzi sura ya 8 na sura ya 12 siku moja, moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo hatujazisahau.

Katika sura ya 8, Gideoni ametoka kuwapiga Wamidiani. Watu wa Efraimu wanamjia kwa hasira. Wanamwuliza kwa nini hakuwaita tangu mwanzo wa vita. Walimgombeza sana. Gideoni angeweza kuwajibu kwamba malaika alimtokea yeye, si wao. Hakusema hivyo. Aliwaonyesha kwamba kazi yao ilikuwa kubwa kuliko yake, kwa maana wao ndio waliowashika wakubwa wawili wa Midiani. Biblia inasema hasira yao ikatulia. Hakuna mtu aliyekufa siku ile.

Katika sura ya 12, watu walewale wa Efraimu wanamjia kiongozi mwingine, Yeftha, na lawama ileile: kwa nini ulienda vitani bila kutuita? Safari hii wanatisha hata kuchoma nyumba yake. Tena waliwatukana watu wa Gileadi, wakawaita wakimbizi tu. Ninyi mnaotusoma mnajua neno hilo linavyochoma moyo. Yeftha alikuwa na haki. Alisema aliwaita na hawakuja, na sisi hatuna sababu ya kumpinga. Lakini baada ya kujitetea, alikusanya watu wake akapiga vita.

Mwisho wake unajulikana. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka kama wao aliuawa palepale. Walikufa watu 42,000 wa Efraimu.

Wapendwa, sisi tunaoishi kwenye barabara zenye bariere hatuhitaji mwalimu wa kutueleza habari ya Shibolethi. Tunajua maana ya kusimamishwa na kuambiwa: "Sema kidogo, tusikie wewe ni wa wapi." Tunajua mtu anavyomeza mate kabla ya kujibu.

Angalieni basi tofauti. Waliolaumu ni walewale, na lawama ni ileile. Kilichobadilika ni moyo wa kiongozi. Upole wa Gideoni haukuwa pambo la mtu mwenye adabu nzuri. Ulikuwa ukuta kati ya watu wake na kaburi.

2. Neno la mkubwa linakuwa amri kwa kijana

Kwa nini tabia ya mtu mmoja inaweza kuua au kuokoa maelfu? Ni kwa sababu neno la kiongozi halibaki pahali liliposemwa.

Mtu wa kawaida akitukana jirani, ugomvi unaishia uani. Mwami akitukana, au shefu wa kijiji, au mkubwa wa wilaya, au mbunge aliyekuja kusalimia, kijana anayemsikiliza hasikii matusi. Anasikia ruhusa. Anajiambia: "Mkubwa amesema wale si watu wa hapa." Jioni anachukua panga. Kiongozi hakutoa amri yoyote, na kesho atasema hakumtuma mtu. Lakini mbele za Mungu ulimi wake ulikuwa njiani kabla ya panga.

Historia yetu inashuhudia. Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, watu waliuawa katika soko la Ntoto, huko Walikale. Mauaji yakaenea mpaka Masisi na Rutshuru. Watu maelfu walikufa, na zaidi ya laki mbili wakahama vijiji vyao. Sokoni pale palikuwa na watu waliokuwa wakinunua chumvi pamoja, wakiuziana mihogo na maharagwe kila juma. Hawakuamka asubuhi moja na kuchukiana. Kabla ya Ntoto palikuwa na miezi ya maneno: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, nani ana haki ya shamba, nani ana haki ya kuchagua. Maneno hayo yalisemwa na watu wenye vyeo na elimu. Waliolipa ni wale wa sokoni.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona hayohayo. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa mwishoni mwa mwezi wa 12 mwaka 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakaacha nyumba zao. Moto ule ulipungua wakati wakubwa wawili waliogombana, Mwai Kibaki na Raila Odinga, walipokaa pamoja na kutia sahihi mapatano, tarehe 28 mwezi wa pili 2008. Watu waliona mikono miwili ikishikana, na mapanga mengi yakarudi nyumbani. Ni vema mikono ilishikana. Lakini wajane walikuwa wamekwisha kuwa wajane.

Mithali 15:1 inatufundisha kwamba jibu la upole linageuza ghadhabu. Wengi wetu tunalitumia neno hilo kwa mume na mke. Ni sawa. Lakini lilikusanywa katika kitabu cha mfalme Sulemani, na kwanza kabisa linafaa ukuta wa ofisi.

3. Kiongozi anayesema: mzigo huu ni wangu

Tabia ya kiongozi haionekani siku ya kusifiwa. Inaonekana siku ambayo jambo baya limetendeka chini ya mkono wake.

Tunataka tuwape mfano kutoka Tanzania. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, palikuwa na mauaji, na wengi waliouawa walikuwa wazee walioshukiwa uchawi. Serikali ilitaka kuyakomesha. Lakini watu wa usalama waliotumwa kule waliwakamata raia wengi na kuwatesa, na baadhi yao walikufa mikononi mwao. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakushika fimbo yeye mwenyewe. Angeweza kusema kosa ni la wadogo, na kuwatupa wachache gerezani, na kubaki katika kiti chake. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu. Aliona kwamba waliotesa walikuwa chini ya wizara yake, basi mzigo ni wake.

Mtu angedhani maisha yake ya uongozi yameisha. Alitumwa kuwa balozi Misri. Miaka ikapita. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985, Julius Nyerere alipoacha urais kwa hiari yake, Mwinyi akawa Rais wa Tanzania. Aliongoza mpaka 1995, akamaliza vipindi vyake viwili, akaenda nyumbani. Alikufa tarehe 29 mwezi wa pili 2024, akiwa na miaka 98.

Ndugu mmoja alituuliza: "Mchungaji, yule alikuwa Mwislamu. Mbona mnamleta kanisani?" Tulimjibu kwamba Bwana Yesu alipotaka kuwafundisha Wayahudi huruma, aliwaletea Msamaria. Kama mtu asiyekaa katika kanisa letu alijua kubeba kosa la walio chini yake, sisi tunaoimba juu ya msalaba kila Jumapili tutajibu nini?

Tena Nyerere aliyempokea barua hiyo naye alijua kukiri. Serikali yake ilikuwa imefuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika vya wakulima. Baadaye alisema wazi kwamba hilo lilikuwa kosa. Hakupungua kwa kusema hivyo. Watu wanamtaja mpaka leo.

Hapa kwetu kiongozi akikosea tunasikia nini? "Ni adui zangu wanaonisema." "Ni kabila fulani linanipiga vita." Mara moja kosa la mtu mmoja linakuwa vita ya watu wote wa kwao. Neno fupi, "nimekosa", lingefunga mlango huo. Aliyekosewa akisikia mkubwa anakiri, hana sababu tena ya kutafuta kisasi kwa mtoto wa mtu mwingine.

4. Upole wa kweli na upole wa kununua watu

Lakini tuwe macho. Si kila anayetabasamu ni mpole. Soma 2 Samweli 15. Absalomu alisimama asubuhi na mapema karibu na lango. Kila aliyekuja na kesi alimwita, akamwuliza anatoka mji gani, akamwambia kesi yake ni nzuri. Mtu akitaka kumsujudia, alimshika mkono na kumbusu. Biblia inasema aliiba mioyo ya watu. Baada ya hapo ikaja vita, na yeye mwenyewe akafa ndani yake.

Tunawajua watu kama hao. Wakati wa kampeni wanakuja na sabuni, chumvi na fulana. Wanambeba mtoto mchafu mbele ya kamera. Uchaguzi ukiisha, nambari yao ya simu haiiti tena.

Basi tutawatambua namna gani? Gideoni mwenyewe anatufundisha, tena kwa aibu yake. Katika sura ileile ya 8, baada ya kuwajibu Efraimu kwa upole, alifika Sukothi na Penueli akaomba mkate kwa askari wake waliochoka. Wakamnyima. Aliporudi kutoka vitani aliwapiga wazee wa Sukothi kwa miiba ya jangwani, akabomoa mnara wa Penueli na kuwaua watu wa mji. Efraimu lilikuwa kabila kubwa. Sukothi ulikuwa mji mdogo. Kwa wakubwa alikuwa na maneno matamu, kwa wadogo alikuwa na miiba.

Upole kwa wakubwa na ukali kwa wadogo si upole. Ni hesabu tu. Kwa hiyo mkitaka kujua tabia ya kiongozi, msimwangalie akiwa na wageni kutoka Kinshasa au mbele ya mikrofoni. Mwangalieni anavyosema na dereva wake, na mjane aliyekuja bila zawadi, na mchimbaji kijana anayetoka kwenye mashimo na matope mwilini, na mtu wa kabila ambalo halitampa kura. Hapo moyo unatoka nje.

5. Je, mpole hawezi kukemea?

Hili ndilo swali ambalo watu wanaogopa, na ni swali la haki. Kiongozi anayemwachia kila mtu afanye anavyotaka, huyo si mpole, ni mlegevu. Hata Mwinyi tuliyemsifu, uongozi wake ulilaumiwa kwa ulegevu, na Nyerere mwenyewe alimkosoa waziwazi miaka ya 1990. Mtu anaweza kuwa na moyo mzuri na bado akaacha wezi wale.

Biblia inatupa Nehemia. Katika sura ya 5, maskini wanalia kwamba ndugu zao matajiri wamechukua mashamba yao na kuwafanya watoto wao watumwa kwa sababu ya deni. Nehemia alikasirika sana. Lakini tazama mpango wake. Kwanza alishauriana na moyo wake. Halafu aliwakemea wakubwa wenyewe, waliotenda kosa, mbele ya mkutano. Hakulaumu ukoo wala kijiji. Halafu akasema yeye na watu wake pia wamekopesha, na wao pia wataacha. Mwishowe, kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa na mzigo mzito.

Huo ndio ukali unaotakiwa. Unaanza na nafsi yako, unagusa aliyekosa, unaishia kwenye haki ya mdogo.

Hapa Masisi tunajua kesi ya ng'ombe walioingia shambani na kula maharagwe. Shefu mmoja atakuja na kusema: "Ninyi wafugaji mmezoea." Amekwisha kuwasha moto, kwa sababu wafugaji wote wa kilima kile wametukanwa. Shefu mwingine atauliza: "Ng'ombe hawa ni wa nani kwa jina? Shamba hili ni la nani kwa jina? Mistari mingapi imeliwa?" Atamtoza mwenye ng'ombe alipe, naye atalipa. Wote wawili wamehukumu. Lakini wa pili amehukumu mtu, na wa kwanza amehukumu kabila. Tofauti hiyo ndogo imezuia vita nyingi kuliko tunavyojua.

6. Sisi wa kanisa tuanzie wapi?

Ni rahisi kuhubiri juu ya wakubwa wa Goma na Kinshasa. Acheni tuanze na nyumba ya Mungu.

Sisi wachungaji tunakiri mbele yenu. Mwaka mmoja, katika kazi ya kujenga kanisa, shemasi alituambia hesabu ya mabati haikukaa sawa. Tuliona ametuvunjia heshima. Tukamsema madhabahuni bila kumtaja jina, lakini kila mtu alijua ni nani. Mke wake alitoka nje akilia. Baada ya juma mbili tulipata karatasi ya duka, na shemasi alikuwa na haki. Usiku ule hatukulala. Tungeweza kumwita ofisini na kumwomba radhi kimya kimya. Lakini tulimkosea mbele ya watu, basi ilitupasa tumwombe radhi mbele ya watu. Jumapili iliyofuata tulifanya hivyo. Miguu ilitetemeka. Tulidhani kanisa litatudharau. Hakuna aliyetudharau, na tangu siku hiyo watu wanakuja kutuambia ukweli kabla jambo halijaoza. Tusingekiri, mpaka leo wangekuwa wanaogopa.

Kwa hiyo tunaomba kila msomaji ashike mambo manne.

Kwanza, tusipeleke mbele sauti ya matusi inayokuja kwenye simu, hata kama aliyeisema ni wa kwetu na tunaona ana haki. Yeftha naye alikuwa na haki.

Pili, yeyote kati yetu aliye nyumbakumi, shefu, mwalimu mkuu, rais wa kamati ya wakimbizi au ya kanisa, ajifunze kutaja kosa kwa jina la aliyelitenda, si kwa jina la kabila lake.

Tatu, siku ya kuchagua, tusiulize tu nani ana nguvu na nani ni wa kwetu. Tuulize pia: akikosewa anajibu namna gani? Akikosa anakiri? Na akiombwa kuondoka, ataondoka? Samweli, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya Israeli yote akawauliza amechukua ng'ombe wa nani, amemwonea nani, amepokea rushwa kwa nani. Wakamjibu: hakuna. Kila anayetaka kututawala ajiandae kwa swali hilo.

Nne, tuwaombee walio na mamlaka, kama 1 Timotheo 2:1-2 inavyotuagiza. Neno hilo halikusema tuwaombee wale tuliowachagua tu.

Wapendwa, Bwana wetu alikuwa na majeshi ya malaika, akavua vazi lake, akajifunga kitambaa, akaosha miguu. Hata miguu ya Yuda aliiosha. Hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya upole wake. Yeye ndiye aliyekufa, ili sisi tuishi. Huyo ndiye mkubwa tunayemfuata. Kama tunamfuata kweli, vijana wa Masisi na Walikale wataanza kuona namna nyingine ya kuwa na nguvu.

Tuombe:

Baba wa mbinguni, tunakuomba kwa ajili ya wote wanaotuongoza, kuanzia nyumbakumi mpaka rais. Shika ndimi zao siku ya hasira. Wape ujasiri wa kusema "nimekosa". Wafungulie macho wawaone watu wadogo. Na sisi, utusafishe na maneno tuliyoyapeleka mbele bila kufikiri. Rudisha watu vijijini mwao, uwarudishie masoko yao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika seli na familia:

1. Soma Waamuzi 8:1-3 na 12:1-6. Kama ungekuwa Yeftha, ungewajibu nini watu wa Efraimu?

2. Katika kijiji au kambi yetu, ni neno gani la dharau ambalo tumelizoea na linatakiwa kuachwa?

3. Kuna mtu tuliyemkosea mbele ya watu? Tutamwomba radhi lini, na mbele ya nani?